Alichonong'onezwa Baba Mdogo

Siku ile, kabla hata ya saa nne asubuhi, alikuwa ameshatahadharishwa mara tatu asisogelee chai ya mtu. Wa kwanza alikuwa muuza magazeti: "Baba Mdogo, pita mbali, chai yangu sijaifunika!" Wa pili ni mama mmoja kwenye foleni ya duka la dawa, aliyemwona anapokea vidonge vyake vya presha akapaza sauti, "Jamani, na huyu mnamuuzia dawa?" Foleni nzima ikaangua kicheko. Wa tatu ni mlinzi wa jengo alilokuwa anaingia, aliyekificha kikombe chake chini ya meza huku akimpigia saluti. Kila mmoja aliamini utani huo kaubuni yeye, na Baba Mdogo alimchekea kila mmoja, he-he-he, maana ukikataa kucheka watu husema: unaona, roho mbaya hakuianza kwenye televisheni. Miaka thelathini na moja anacheka hivyo. Wewe ungeweza? Mimi ningeshamrushia mtu kiatu.

Kama wewe ni mtoto wa juzi na humjui, kaa nikueleze. Kulikuwa na tamthilia ikiitwa Kiti cha Kaka. Kila Alhamisi saa moja na nusu jioni barabara zilibaki na paka peke yao. Asiye na televisheni alisimama dirishani kwa jirani, na jirani mwenye roho nzuri aliligeuza sanduku lile litazame nje. Kisa chenyewe kilikuwa cha ndugu wawili. Kaka mtu ana nyumba, mke, watoto, na kiti kimoja kikubwa cha mbao ambacho hakikaliwi na mwingine. Mdogo mtu, ambaye watoto wanamwita Baba Mdogo na aliyeigizwa na huyu wetu, anaishi kwa kaka yake. Siku moja tunamwona huyo mdogo jikoni, peke yake, anafungua kikaratasi, anamimina unga mweupe kwenye kikombe cha chai, anakoroga, anampelekea kaka yake. Asubuhi kaka hakuamka. Weee! Nchi nzima ililia. Msiba ulipokwisha, yule mdogo akaonekana kwenye kile kiti, amekaa, mguu juu ya mguu.

Kwenye sehemu ya arobaini na moja, mjane alimnyooshea kidole mbele ya ukoo mzima akasema neno moja: "Muuaji!" Baba Mdogo akafungua mdomo ajibu. Picha ikaganda hapohapo, mdomo wazi, yakatokea maandishi: Itaendelea.

Haikuendelea. Mwongozaji alianguka bafuni kwake siku ya Jumamosi, Jumapili akazikwa. Alhamisi iliyofuata kituo kikaonyesha mpira. Na sisi watazamaji tukabaki na lile neno la mjane, tukaenda nalo makwetu, tukawarithisha watoto.

Sasa kuna jambo ambalo watazamaji hatukulijua. Yule mwongozaji, waliyekuwa wakimwita Mwalimu kwa sababu aliwahi kushika chaki, hakuandika skripti. Kisa chote alikuwa nacho kichwani. Kila asubuhi ya kurekodi alimchukua mwigizaji mmojammoja nyuma ya studio, kwenye stoo ya nyaya, akamnong'oneza sehemu yake na kumwapisha asimwambie mwenzake. "Ukijua ya mwenzako," alisema, "macho yako yatanisaliti." Siku ile ya kikombe alimshika Baba Mdogo bega, enzi hizo kijana wa miaka thelathini na tano, akamwambia sikioni: Ule unga ni dawa. Kaka yako anaumwa, amemficha mkewe, na amekuapisha usiseme. Wewe si muuaji hata kidogo. Umekubali kuitwa mbaya ili uitunze siri ya kaka yako, na sehemu ya arobaini na mbili utafungua mdomo, utasema yote. "Vumilia, kijana wangu. Watakuchukia wiki chache, halafu watakupenda maisha."

Wiki chache! Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata yenyewe ilikuwa yeye, mwenzake keshazikwa. Na hapo ndipo Baba Mdogo alipofanya kosa ambalo nadhani mwigizaji wa Mwalimu tu ndiye angelifanya: alinyamaza. Kiapo ni kiapo, alijiambia, na tena kituo kilishaahidi tamthilia itarudi akipatikana mwongozaji mwingine. Atasema siku ya kurekodi. Akangoja mwaka, akangoja wa pili, wa tatu. Alipochoka akamweleza mwandishi wa habari mmoja, na gazeti likaandika kwa herufi kubwa: BABA MDOGO AJITETEA. Basi, ikawa mafuta kwenye moto. Hakuna anayejitetea kama hana kosa, watu walisema. Hakulitamka tena.

Utani wa sokoni aliuzoea, ukweli ni huo. Ambalo hakulizoea lilikuwa moja. Kaka yake hasa, wa tumbo moja, alikuwa na binti mmoja. Binti huyo alikuwa na miaka minane tamthilia ilipokatika, na alipofikisha kumi baba yake akafa kweli, hospitali, kwa figo. Baba Mdogo akashika nafasi. Kila Jumamosi alikwenda kwa shemeji yake, akakagua madaftari, akamfundisha mtoto baiskeli, akamsindikiza shule ya bweni na sanduku kichwani huku wanafunzi wamejaa madirishani wanamwimbia "Muuaji! Muuaji!" Kwa haki, huyo ndiye mtu pekee duniani aliyestahili kumwita Baba Mdogo bila utani. Lakini tangu msiba ule alimwita Anko. Baba Mdogo alijiambia mtoto anamwonea huruma, hataki kumwita kwa jina ambalo mitaani limegeuka tusi. Alijiambia hivyo miaka yote, na usiku mwingine hakujiamini.

Na sasa Kiti cha Kaka inatengenezwa upya, kwa kamera za kisasa na waigizaji wenye vifua, na mwandishi mkuu aliyekabidhiwa kazi ni nani? Ni binti yuleyule. Ndiye aliyempigia simu: "Anko, njoo ofisini Jumanne. Tunataka utushauri." Baba Mdogo aliweka simu chini akakaa kitandani kama dakika kumi. Alitaka jambo moja tu kwenye umri wake wa miaka sitini na sita: mtoto wa kaka yake aiandike sehemu ya arobaini na mbili kwa mkono wake mwenyewe. Akishaiandika yeye, atakuwa ameamini. Nchi ikifuata ifuate, isipofuata shauri yake.

"Usiende kuomba," mkewe alimwambia akimnyooshea kola. "Nenda kaseme."

Ofisi ilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya duka la miwani, na lifti ilikuwa na karatasi iliyoandikwa "mbovu" ambayo nayo ilikuwa imezeeka. Alipanda akipumzika kila kona. Chumba kilikuwa na meza ndefu, kompyuta mbili, kiyoyozi kinachodondosha maji kwenye ndoo ya rangi, na ukuta mzima umebandikwa kadi za matukio ya hadithi: za njano, za kijani, za buluu. Kadi nyekundu ilikuwa moja, katikati, na aliisoma kabla hajaketi. Iliandikwa: BABA MDOGO ANAUA.

"Shikamoo, Anko." Binti alimpokea kwa mikono miwili, akamvutia kiti chenye mto.

"Marahaba, mwanangu."

Mtayarishaji naye akainuka. Kijana wa ndevu zilizochongwa vizuri, vidude vya kusikilizia vinaning'inia shingoni, mchangamfu kupita kiasi. "Gwiji! Gwiji mwenyewe! Mzee wangu, bibi yangu alikuwa akikuona kwenye televisheni anaifunika kwa kitambaa. Nakuapia. Alisema usije ukamwona yuko peke yake."

Baba Mdogo akacheka, he-he-he.

"Tuna tatizo dogo la mdhamini," mtayarishaji akaendelea. "Ni kampuni ya majani ya chai. Wanasema sumu ndani ya chai, hapana, haiwezekani, labda iwe juisi. Wewe unaonaje?"

"Naona hakuna sumu," alisema Baba Mdogo.

"Ndiyo, kwenye chai hakuna, tunahamishia kwenye—"

"Hakuna sumu popote. Ule unga ulikuwa dawa."

Kiyoyozi kikadondosha tone, kikadondosha jingine. Baba Mdogo aliyaweka mapaja yake sawa kwenye kiti akasema yote, tangu stoo ya nyaya hadi bega lililoshikwa, neno kwa neno kama alivyonong'onezwa. Alisema akimtazama mtayarishaji, lakini masikio yake yalikuwa kwa yule binti upande wa kushoto. Kalamu ya binti ilikuwa inaandika. Halafu ikaacha.

"Kaka alimwapisha asiseme," mtayarishaji alirudia polepole. "Na yeye akabeba lawama. Loh. Ni tamu hii, mzee. Kuna mtu mwingine anaijua?"

"Mwalimu alituapisha kila mtu na lake."

"Kwa hiyo hakuna."

"Kuna Mjane," binti akasema. Hakumwangalia Baba Mdogo. "Bado yuko hai. Namba yake ninayo, nilimpigia mwezi uliopita. Tumuulize."

Mjane, yaani yule mama aliyeigiza mjane, alipokea simu kwenye mlio wa pili. Wakamweka spika. Sauti ilikuwa imezeeka, lakini hasira yake ilikuwa ileile. "Nani? Muuaji wangu yuko hapo? Hujafa tu wewe?"

"Nipo, bibie. Shemeji yako nipo."

"Ushindwe!" Akacheka mpaka akakohoa. Mtayarishaji akamweleza kwa ufupi habari ya dawa na kiapo. Upande wa pili wakasikia mtu anaketi.

"Hebu subirini," Mjane akasema. "Mimi Mwalimu aliniita stoo siku ya kidole. Aliniambia: huyu amemuua mume wako, na sehemu ya arobaini na mbili utamkuta na kile kikaratasi mfukoni, utampeleka polisi mwenyewe. Alinishika bega hivi. Nilitetemeka kweli, hamkuona nilivyotetemeka?"

"Alikuambia hivyo ili utetemeke," alisema Baba Mdogo.

"Na wewe je, alikuambia yako ili iweje?"

Baba Mdogo akavua kofia yake, akaiweka magotini.

"Na marehemu," Mjane akaendelea, maana alipoanza hakuwa mtu wa kusimama, "yule aliyeigiza kaka, Mungu amrehemu, aliniambia hospitalini kabla hajafa: mimi Mwalimu alininong'oneza kuwa nimejiua mwenyewe, mdogo wangu anatafuta tu namna ya kuficha aibu. Tulicheka sana siku hiyo. Kila mtu alimpa lake, bwana wee! Kila mtu na lake! Mwisho wenyewe pengine hata yeye Mwalimu hakuwa nao."

Sijui kama umewahi kuvuliwa kitu ulichokivaa miaka thelathini na moja. Baba Mdogo aliiangalia simu pale mezani. Kumbe bega lake halikuwa la pekee. Kumbe lile neno la sikioni, alilolitunza kuliko alivyotunza cheti chake cha ndoa, huenda lilikuwa njia tu ya kumfanya kijana mmoja aigize uovu kwa macho ya upole. Na macho yale yalipendeza kweli, magazeti yote yaliyasifia. Alitaka kusema: hapana, mimi alinieleza kwa namna nyingine, mimi aliniambia ukweli. Lakini alimsikia Mjane akisema vilevile, na yule marehemu angesema vilevile.

Mtayarishaji alikuwa amesimama, anapiga makofi. "Dhahabu! Hii ni dhahabu! Tutaiweka kwenye matangazo: Siri Tatu za Mwalimu." Kisha akamgeukia Baba Mdogo kwa upole wa mtu aliyekwisha kuamua. "Mzee wangu, lakini kwenye hadithi yetu lazima aue. Tulifanya utafiti. Watu wanamtaka muuaji wao. Nikiwaambia leo kwamba bibi zao walimchukia mtu bure, watanipiga mawe. Si ndiyo, mwandishi?"

Binti alikuwa anaikunja karatasi aliyoiandikia. Akaikunja mara mbili, mara tatu. "Ndiyo," akasema. "Anaua."

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mtayarishaji aliuinua ule mzigo kwa kidole, akauweka kando, akaenda kupokea simu nyingine chumba cha pili huku akipiga mluzi.

Wakabaki wawili. Nje kulikuwa na mtu anagonga bati, kwa, kwa, kwa. Baba Mdogo, aliyekatazwa kuomba, akaomba.

"Mwanangu. Sikuwahi kukuomba kitu. Iandike tu. Hata isipoonyeshwa. Iandike, uniwekee kwenye bahasha, basi."

"Anko."

"Ukurasa mmoja."

"Anko, nikuulize jambo?" Alikuwa na miaka thelathini na tisa, mwanamke mzima mwenye miwani na wasiwasi wa kazi, lakini mikono aliibana katikati ya magoti kama alivyokuwa akiibana Jumamosi zile hesabu zikimshinda. "Hospitali. Siku tatu kabla baba hajafariki. Mimi nilitumwa nje nikacheze, nikarudi. Nilikuwa mlangoni. Ulikuwa umempa mgongo mlango. Ulitoa kikaratasi kwenye mfuko wa shati, ukamwagia kitu cheupe kwenye supu yake, ukakoroga. Ukamnywesha." Akavua miwani. "Nilikuwa nimeshaiona ile tamthilia. Nikajiambia mimi ni mtoto, nimechanganya. Miaka yote najiambia nimechanganya. Nilichanganya?"

Jamani. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja, walisema wa zamani, na mimi usemi huo siupendi, lakini siku ile ulikuja ukapiga hodi ghorofa ya tatu. Maana mtoto hakuchanganya. Baba Mdogo alikikumbuka kile kikaratasi mpaka mikunjo yake. Angeweza kusema hapana. Neno moja tu, hapana mwanangu, uliota. Angeweza, na amewahi kuigiza makubwa kuliko hilo. Lakini huyu alikuwa mtoto wa kaka yake, na alikuja hapa asubuhi hii kwa ajili ya ukweli.

"Hukuchanganya," alisema. "Ilikuwa chumvi."

"Chumvi."

"Chumvi ya jikoni. Madaktari walimkataza kwa sababu ya figo. Wiki tatu anakula visivyo na ladha, anasema anatafuna pamba. Akanisihi, mwanangu. Alinishika mkono akanisihi kama mtoto. Nikamletea kidogo, ya kubana kwa vidole viwili. Akanywa ile supu yote, akacheka. Akaniambia usimwambie mama watoto, atanitoa roho. Akaniapisha. Haikuwa hiyo iliyomuua, daktari mwenyewe alishasema zimebaki siku. Sikumwambia mtu. Aliniapisha."

Alipofika kwenye neno hilo la mwisho akalisikia. Akasikia pia lilivyotoka: sauti imetulia, imeshuka mahali pa kushuka, pumzi imekatwa panapostahili. Kazi ya miaka mingi ilishaingia kooni, hata akilia hulia vizuri. Akaona uso wa binti unabadilika taratibu, na wala haukuwa uso wa mtu aliyekasirika. Ulikuwa uso wa mwandishi aliyekuwa akitafuta kadi moja kwa muda mrefu na sasa ameiona.

"Kumbe ndiyo maana," binti akasema.

"Ndiyo maana ya nini?"

"Ile ya Mwalimu. Dawa, kaka kumsihi mdogo wake, kiapo." Alisema polepole, kwa huruma, kama anavyoelezwa mgonjwa. "Ulimwambia mwandishi wa gazeti mwaka wa tatu. Baba alikufa mwaka wa pili. Hukuwahi kuisema kabla baba hajafa, Anko. Nilikwenda maktaba nikatafuta. Hakuna mahali. Ilikuja baada ya supu ile."

"Alininong'oneza yeye! Kabla! Miaka miwili kabla! Halafu kaka yangu naye akaja aka—" Akaikata kauli. Angesema nini? Kwamba mtu aliyekufa alimnong'oneza uongo, na mtu mwingine aliyekufa akaja akaufanya kweli? Mashahidi wake wote walikuwa chini ya udongo, na aliye hai alikuwa amekwisha kusema kila mtu alipewa lake. Mikono yake ikapanda hewani ikabaki huko. Ilipendeza, hata hapo, ilivyobaki.

"Nisikilize," alisema. "Naomba unisikilize. Mwalimu alisema kwanza."

"Nimekusikia."

"Chumvi tu, mwanangu."

"Nimekusikia, Anko. Usijisumbue, una presha."

Binti akainuka akamshika kiwiko. Akamwokotea kofia yake. Mlangoni akasimama, akamkumbatia, na alimkumbatia kwa nguvu, kwa mapenzi yasiyo na mchezo ndani yake, kichwa begani, kama alivyokuwa akifanya siku za kufunga shule. Baba Mdogo alihisi machozi ya binti yanapenya kwenye shati lililopigwa pasi na mkewe.

"Mimi nilishakusamehe zamani," akamwambia. "Tangu shuleni. Ulikuwa unakuja kila Jumamosi, nikasema hata kama ndiyo, mtu anayekuja hivi kila Jumamosi, mimi nimemsamehe. Sikujua tu nikuambieje."

Angeweza kumsukuma. Angeweza kupiga kelele mpaka wenye duka la miwani wapande. Lakini msamaha ule ulikuwa umetoka mbali sana, umelipwa na mtoto wa miaka kumi peke yake gizani, na alikuwa analia kwa furaha ya kuutua. Ungemwambia nini mtu huyo? Kwamba aurudishe? Baba Mdogo alifungua mdomo. Ukabaki wazi kidogo. Kisha akampigapiga binti mgongoni, taratibu, na akasema ahsante.